Pikipiki yangu sio ya zamani jamani

Kila wiki lazima kuna mtu ataniuliza. Juzi nipo kwenye foleni pale Mwenge, saa saba mchana, jua limenikalia kichwani na helmeti imekuwa kama sufuria, kijana wa bodaboda akanisogelea na Boxer yake, akaikagua pikipiki yangu kuanzia taa ya mbele mpaka tairi la nyuma, afu akasema kwa sauti ya upole kabisa, ile ya msibani, "dada, hii umerithi?" Nikacheka nikamwambia hapana, nimenunua kwa hela yangu. Akatikisa kichwa. "Ila injini bado inajikaza." Taa zikaruhusu akaondoka zake akaniacha natafuta jibu.

Bado inajikaza! Pikipiki ya mwaka 2020 jamani.

Basi ngoja niandike mara moja ili anayeuliza nimtumie link nipumzike. Ni Royal Enfield Interceptor 650. Inatengenezwa India, kule Chennai. Ina taa moja ya duara, tenki lenye umbo la tone la maji, rimu za spoki, mabomba mawili ya kromu moja kila upande, na saa mbili za mshale kama za redio ya babu. Silinda zina mapezi mapezi yale ya kupozea kwa upepo. Mtu akiiona anafikiri imetoka stoo ya misheni. Lakini ukienda ndani humo hamna kabureta, mafuta yanaingia kwa injekta, breki ni za diski zote na zina ABS, ule mfumo wa kuzuia tairi lisijifunge ukikaza breki, gia ziko sita. Ni kama binti wa chuo aliyejifunga kanga za bibi yake akaenda nazo kwenye sendoff, kanga ni za zamani kweli ila mvaaji ana miaka ishirini na mbili na simu mkononi.

Na kanga zenyewe sio za kuazima kwa jirani, ni za ukoo. Royal Enfield walianza Uingereza, mji unaitwa Redditch, pikipiki yao ya kwanza ilitoka 1901. Jina la Interceptor ni la pikipiki yao ya miaka ya sitini, nayo ya silinda mbili. Mwaka 1955 wakaanza kutengeneza Madras, ndo hiyo Chennai ya leo, kiwanda cha Redditch kikafungwa 1967, na Wahindi wakabaki wanaendelea tu kama hakuna kilichotokea. Afu Novemba 2017 pale kwenye maonyesho ya Milan ndo wakaitoa hii yangu, cc 648, silinda mbili, jina lilelile. Kwahiyo anayesema ni ya zamani ana ukweli kidogo, ila wa ukoo, sio wa mtoto.

Mimi na pikipiki ni habari ya kitambo. Baba alikuwa bwana shamba, serikali ilimpa Honda, na mimi ndo nilikuwa nakaa mbele juu ya tenki nimeshika katikati ya usukani, tunaenda kuangalia mahindi ya watu. Nikakua nikaja Dar, nikanunua TVS ya kunitoa Mbezi kunipeleka Posta, miaka minne, mvua na jua, sijawahi kuijutia hata siku moja. Hii nyingine ilikuja kwa bahati. Mzungu mmoja Masaki mkataba wake umeisha anarudi kwao, anauza kila kitu, friji, vitanda, mbwa anagawa bure. Nilienda kuangalia friji. Gereji kulikuwa na kitu kimefunikwa shuka, akaifunua, akabonyeza kitufe, ikaunguruma, na friji sikununua. Ilikuwa imetembea kilomita elfu nne tu. Bei siandiki hapa, mama anasoma hii blogu.

Sasa huo mngurumo ndo kiini cha habari yote kwahiyo nivumilieni.

Boxer au TVS ina pistoni moja, inapanda inashuka, ta-ta-ta-ta, wote tunaijua. Yenye silinda mbili ina pistoni mbili zimekaa bega kwa bega. Waingereza wa zamani walizifunga zote mbili pamoja kwenye krenki, kile chuma kinachozungushwa na pistoni, zinapanda pamoja zinashuka pamoja, ila zinalipuka kwa zamu, leo wewe kesho mimi, kwahiyo kila krenki ikizunguka raundi moja unasikia mlio mmoja, umepangika kama askari wa gwaride. Hii yangu sio hivyo. Krenki yake imepindwa nyuzi 270, maana yake pistoni moja ikiwa juu mwenzake yuko katikati ya safari, na milipuko haipishani sawa. Mmoja unapiga, wa pili unadaka baada ya nyuzi 270, afu kinakuja kimya kirefu cha nyuzi 450, ndo unaanza tena. Mmeshawahi kusikia kina mama wawili wanatwanga kwenye kinu kimoja? Mmoja akishusha mchi mwenzake anadaka hapohapo, tu-tuh, afu wote wanavuta pumzi, tu-tuh. Ndo huo mlio. Sio Royal Enfield waliobuni, Yamaha walikuwa nayo kwenye TRX850 tangu 1995, na siku hizi pikipiki nyingi za silinda mbili zimefuata huko kwa sababu inatetemeka kwa namna ambayo mikono inaielewa, na ukifungua gesi unahisi tairi la nyuma linashika lami kama mtu anayepanda mnazi, hatua kwa hatua.

Nguvu yake ni farasi 47. Boxer 150 ina kama 12. Nasema hivyo afu kesho kwenye foleni ya Ubungo Boxer hizohizo zinanipita kulia na kushoto kama maji yanavyolipita jiwe. Hii ina kilo zaidi ya mia mbili bana. Huwezi kuipenyeza kati ya daladala na bajaji ukainamisha bega ukapita, unasubiri foleni kama mwenye gari, tofauti ni kwamba mwenye gari ana AC na wewe unayo injini ya moto katikati ya magoti. Desemba mpaka Machi mguu wa kulia unaiva. Nimeacha kuvaa suruali nyepesi. Na njia ya mwendokasi usiniambie, siingii, nimeona watu walivyotolewa pale chini ya basi sina haja ya kusimulia.

Swali la pili baada ya la kurithi ni hili: inakula? Inakula kuliko TVS, ni lazima. Mimi kwa vipimo vyangu, mjini na safari ukichanganya, lita moja inanipeleka kama kilomita 24 hivi, na tenki ni lita 13.7, kwahiyo nikijaza nina uhakika wa Dar mpaka Morogoro na nikafika bila kuangalia geji kila dakika. Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitangaza bei mpya za mafuta naangalia kama kila mtu, nanuna kama kila mtu.

Spea ndo mtihani wenyewe. Kariakoo ukitaka kitu cha Boxer unaletewa saba tofauti kabla hujamaliza sentensi. Ukitaja Interceptor kijana anakuangalia kama umetaja jina la malaika. Mimi filta ya oili naagiza India, kuna watu wanaenda kutibiwa au kufuata mzigo wa biashara nawapachika, dada mmoja ameshanibebea filta nne na pedi za breki ndani ya begi la nguo za harusi. Tairi la nyuma saizi 130/70 ya inchi 18 sijawahi kulikuta dukani, nalo nimeagiza na kuliweka uvunguni. Na fundi. Yani fundi. Kuna mmoja nilimpa kazi ndogo tu ya kubadilisha oili, akakaza ile nati ya chini kwa nguvu zote za ujana wake mpaka uzi ukaliwa, na aliponirudishia alikuwa anatabasamu. Tangu siku hiyo oili nabadilisha mwenyewe, Jumamosi jioni, uani, watoto wa jirani wanashika tochi ya simu.

Kromu na hewa ya bahari hawapatani. Wiki mbili usipofuta unaona vidoti vya kutu kwenye bomba kama mtoto mwenye tetekuwanga. Nafuta na kitambaa chenye oili kidogo, kila Jumapili usiku, mume wangu anasema hata yeye hajawahi kufutwa hivyo.

Ila kuna Jumapili asubuhi. Saa kumi na mbili, kabla jiji halijaamka, natoka Mbezi nakuja mpaka Oysterbay naingia Daraja la Tanzanite, lile lina kama kilomita moja juu ya bahari, upepo unatoka kushoto una chumvi, wakimbiaji na wenye baiskeli wako pembeni, naweka gia ya nne nashusha mkono wa gesi kidogo tu, tu-tuh tu-tuh, naufikia upande wa hospitali ya Aga Khan nageuza narudi tena. Sina haraka wala sina ninapokwenda. Trafiki mmoja alishawahi kunisimamisha maeneo hayo, nikatoa leseni, hata hakuiangalia, alitaka kujua kama naweza kuiwasha tena asikie.

Haya sasa nije kwenye kilichonifanya nifungue kompyuta leo.

Wiki iliyopita niliamua kwenda Bagamoyo, kula samaki na kurudi. Safari ya kilomita sitini na kitu, barabara nzuri, ukitoka Bunju mnazi unaanza kuonekana na unapumua. Naenda zangu hamsini kwenye vijiji maana pale tochi ya trafiki ya kupima mwendo haichelewi, na elfu thelathini yangu ya faini naipenda. Nimepita Mapinga, nakaribia Kerege, nikahisi nyuma kunacheza, kama mtu amekaa nyuma yangu anacheza singeli. Nikapunguza, nikasogea pembeni, nikashuka. Tairi la nyuma limelala. Msumari wa inchi tatu, wa kupigilia mabati, umeingia mpaka kichwani.

Rimu za spoki zinapendeza kwenye picha, lakini ndani kuna tyubu, na tyubu ikitoboka hakuna cha kuchomeka utepe ukaendelea. Lazima tairi lifunguliwe. Nikaisukuma, kilo mia mbili na ushee, kwenye mchanga, mpaka kwenye kibanda cha pancha kama hatua mia mbili mbele, nimefika sina sauti. Fundi alikuwa kijana mdogo, anaweza kuwa na miaka ishirini, kakaa juu ya tairi la Fuso anakula embe. Akainuka akaizunguka mara mbili.

"Sista, hii nimeziona kwenye filamu za vita."

Nikamwambia kazi ni pancha tu mdogo wangu, vita baadaye. Stendi ya kati ikawa inazama mchangani, tukatafuta ubao tukauweka chini ndo ikasimama. Spana yake kubwa kuliko zote haikuingia kwenye nati ya ekseli, akakimbia kwa dereva wa lori aliyekuwa amelala upande wa pili wa barabara akarudi na spana ndefu kama mkono wangu. Nati ikalegea. Mimi nilikuwa nimechuchumaa pale nimeushika ule waya wa ABS unaokwenda kwenye gurudumu kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa, kila akisogeza kitu nasema angalia waya, angalia waya, mpaka akasema "sista huo waya nimeshauona, hata usiku ntauota."

Lakini kijana anajua kazi, lazima niseme. Aliingiza vyuma vyake viwili bapa, akaweka kipande cha kandambili kati ya chuma na rimu ili asiichubue, mi hata nisingewaza. Akavuta tyubu, akaijaza upepo, akaitumbukiza kwenye beseni, mapovu yakatoka sehemu mbili maana msumari ulipita mpaka upande wa pili. Akaikausha na fulana yake, akapiga msasa, akapaka gundi akaipuliza kwa mdomo, akasubiri. Hakuwa na haraka. Akabandika viraka viwili, akavigonga na mpini wa nyundo polepole, tok tok tok.

Wakati tunasubiri gundi ishike ndo mzee akatokea. Mzee mrefu, kanzu imepauka, fimbo, miaka themanini kama sio zaidi. Nikamwamkia, shikamoo babu, marahaba mwanangu, akasimama kimya kama dakika mbili anaiangalia. Mimi nikajiandaa kwa swali la kurithi.

Akasema, "Hili tukutuku la juzi."

Nikadhani sijasikia. Miaka yote hii hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuniambia hivyo. Nikamuuliza babu umejuaje? Akaanza kunionyesha kwa fimbo, kitu kimoja kimoja, kama mwalimu ubaoni. Ujana wake alikuwa anaosha tukutuku la padre, pale misheni ya Bagamoyo, kabla na baada ya Uhuru. La Kiingereza, mabomba mawili hivihivi, tenki hivihivi. Jina lilikuwa limeandikwa kwenye tenki ila yeye kusoma alikuwa bado. Fimbo ikashuka. "Kiki iko wapi?" Nikamwambia haina kiki babu, inawaka kwa kitufe. Akaguna. La padre lilikuwa na kiki, na lilikuwa linapiga teke, lilishamvunja mpishi kifundo cha mguu. Fimbo ikaenda kwenye breki. "Na hizi sahani ni za nini?"

Mnajua nilijisikia vibaya? Miaka nabishana na jiji zima kwamba pikipiki yangu ni mpya, amekuja mtu mmoja wa kukubaliana na mimi nikaanza kuitetea kwamba hapana babu, ina historia, jina lake la miaka ya sitini, pikipiki yao ya kwanza ya 1901, nikamwaga yote, fundi na embe lake ananiangalia. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. "Basi limevaa nguo za baba yake," akasema. "Hebu liwashe."

Tairi lilikuwa bado halijarudi ila gia ziko huru, nikaliwasha pale juu ya stendi. Tu-tuh, tu-tuh, tu-tuh. Mzee akainamisha kichwa, akaziba sikio moja, akakunja uso. Akasikiliza muda mrefu. Afu akaninong'oneza kama daktari asiyetaka ndugu wasikie:

"Mwanangu, linachechemea. Plagi moja imekufa."

Nikamwambia babu hiyo ndo sauti yake. La padre lilipiga sawasawa, akasema, tum tum tum tum, ukiwa shambani unalisikia linatoka mjini unahesabu. Na alikuwa sahihi kabisa! Pistoni zinazopanda pamoja, raundi moja mlio mmoja, miaka sitini mzee amelihifadhi sikioni. Ikabidi nimweleze habari ya krenki kwa ile mifano ya kinu na mchi. Akasema ameelewa, ila kwao wanaotwanga hivyo huambiwa hawajazoeana.

Fundi akarudisha gurudumu, akakaza, cheni akaipima kwa kidole, akaomba elfu saba nikampa kumi kwa ajili ya kandambili. Nikavaa helmeti. Mzee hakuwa amemaliza. Aliegemeza fimbo kwenye kibanda, akainama taratibu sana, mkono mmoja umeshika goti, akapitisha kidole chini ya injini kuanzia mbele mpaka nyuma, akakileta karibu na macho. Kikavu. Akaangalia mchanga pale chini. Mkavu. La padre, akasema, lilikuwa linakojoa oili kila linaposimama, padre alikuwa na kopo maalumu la kukinga.

Akakifuta kile kidole kwenye kanzu japo hakikuwa na kitu.

"Hebu angalia mwanangu, isije ikawa halina oili."

Na mimi nikavua helmeti, nikachuchumaa nikaangalia.